Kadi ya sponji na wino bila madoa

Juzi nilikaa na mdogo wangu tukitengeneza kadi ya bethidei ya rafiki yake. Karatasi tano zilienda kwenye pipa kabla hajakubali kwamba wino hauna shida, shida ni mkono. Nikaona bora niandike jinsi ya kupaka wino kwa sponji upate kadi yenye anga na mwezi.

Vifaa: karatasi nyeupe laini ya gramu 250 au zaidi (ya printa, ile ya gramu 80, sahau, ukisugua kidogo tu inachubuka), pedi za wino rangi mbili tatu, sponji, selotepu, rula. Wino chukua ule unaozama kwenye karatasi na kukauka haraka, ule mzito unaokaa juujuu utakuchafua mpaka viwiko.

1. Kata A4 nusu, kunja kila nusu, una kadi mbili za A6. Kabla ya kukunja pitisha rula na kalamu iliyoisha wino ili mkunjo unyooke. Rangi usipake kwenye kadi yenyewe, kata kipande cha sm 9.5 kwa 13.8 upake hicho, kikiharibika kadi yako iko salama.

2. Kata duara la karatasi, libandike pale unapotaka mwezi ubaki mweupe. Selotepu ibandike kwanza kwenye nguo na kuibandua, ipungue gundi.

3. Sasa sponji, hapa ndo mi nilipoteza jioni nzima siku za mwanzo maana nilikuwa nailowesha nikidhani rangi zitaingiliana vizuri, kumbe karatasi inalowa inavimba na wino unaganda sehemu moja. Sponji iwe kavu. Kavu kabisa. Kata kipande, kusanya kingo zake nyuma ufunge na rababendi kiwe kama kidonge, kwa sababu kona ya sponji ndo inayochora ile mistari mibaya. Gusa wino, halafu sugua kwenye karatasi chakavu mpaka uone kama umeumaliza wote, hapo ndo umefika. Usianzie katikati ya kipande chako! Anzia nje, kwenye karatasi chakavu uliyotandika chini ya kipande, uingie ndani ukizungusha, mkono mwepesi kama unampaka mtoto poda. Anza na rangi nyepesi, nzito zije baadaye, na kila rangi na sponji yake. Njano na zambarau zikikutana zinatoa matope, weka pinki katikati. Vidole vyenye mafuta navyo vinaharibu, wino haushiki sawasawa pale uliposhika, kwa hiyo shikilia kwa kipande kingine cha karatasi. Doa likitokea usiliongezee wino, chukua sponji ya rangi nyepesi uzungushe pembeni yake taratibu, likikataa basi litafunikwa na muhuri (wa picha au maneno) utakaopiga mwishoni. Na usihukumu rangi ikiwa mbichi, ikikauka inafifia kidogo.

Kuna brashi maalum za kazi hii na watu wanazisifu sana, sawa, ila mi sponji ya kuoshea vyombo inanitosha (upande laini jamani, sio ule wa kusugulia sufuria).

4. Ukitaka nyota, chovya vidole kwenye maji, rusha matone, subiri sekunde chache, kandamiza tishu. Vinabaki vidoti vyeupe vyeupe.

5. Bandua mwezi, piga muhuri au andika maneno, kisha bandika kipande kwenye kadi kwa selotepu ya pande mbili. Gundi ya maji inakunja karatasi.

Ile karatasi ya sita ndo ilikubali. Ilikuwa na alama ya kidole cha bluu chini kulia, tukaichorea mdomo na miguu ikawa ndege.