Meza ya kuzunguka ya habu: klampu ya athi isikae mguuni

Mafundi wenzangu wa kuchomelea hapa Dodoma, mliounda meza ya kuzungusha kazi (chuma kinachochomelewa) kwa habu ya mbele ya Land Rover ya zamani, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani: klampu ya athi, kibanio kinachorudisha umeme mashineni, ibaneni kwenye kazi yenyewe au kwenye bamba la juu, kamwe si kwenye mguu wa meza. Ukiibana mguuni, umeme wa kuchomelea unalazimika kupita katikati ya beringi ndipo urudi mashineni. Pale roli za beringi zinapogusana na njia yake zinaruka cheche ndogo ndogo zinazochimba vishimo. Meza huanza kukwaruza, kisha inakwama. Yangu ilikufa hivyo, na iliniuma kwelikweli, maana habu nzima kwenye vyuma chakavu siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi.

Kubana kwenye kazi hakusaidii kama ina rangi au kutu pale ulipobana: umeme utakosa njia nzuri na kutafuta nyingine. Sugua kwanza mpaka chuma king'ae. Wala hakutaokoa beringi iliyokwisha kuchimbika. Hiyo badilisha tu. Na kiangazi, kwa upepo na vumbi letu hili, kagua sili ya habu, ule mpira unaozuia uchafu usiingie. Ikichanika, mchanga unaingia kwenye grisi na kuisaga beringi hata kama athi umeiweka sawa.

Ukitumia drami ya breki kama kitako, ifunge kwa bolti. Ni chuma cha kutupwa, ukiichomelea kwa rodi za kawaida hupasuka.