Entebbe hadi Guangzhou: piga hesabu ya saa kabla hujalipa nauli

Ukipima moja kwa moja angani, kutoka Entebbe, Uganda, hadi Guangzhou, China, ni takriban kilomita 9,070. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa, na mtu akigawanya anapata saa kumi hadi kumi na moja. Usipange safari kwa hesabu hiyo. Wafanyabiashara wengi wa Kampala hupitia Addis Ababa, Dubai au Doha, na kinachokula muda ni kusubiri.

Kwa njia ya Addis Ababa, kipande cha kwanza ni kama kilomita 1,220, karibu saa mbili, na cha pili kama 8,040, saa kumi hivi. Kupitia Dubai, jumla inafika kama 9,560. Tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo angalia utakaa kituoni kwa muda gani. Saa tatu nne zinatosha. Saa moja ni kamari. Vipande vyote viwe kwenye tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika litakutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa dola chache, ukiachwa umeachwa, na hasara ni yako.

Sasa saa zenyewe. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo, na China iko mbele yetu kwa saa tano. Tuseme unaondoka Entebbe 16:30 na kutua Guangzhou 13:30 kesho yake. Kwa macho ni saa 21. Toa tano, umesafiri 16.

Wanaoumia zaidi ni wa ndege za usiku. Tiketi ikisema 03:40 tarehe 15, hiyo ni saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa hiyo tarehe 14 usiku uwe umeshatoka nyumbani. Kuna watu hufika Entebbe jioni ya tarehe 15 na mabegi yao, wamevaa vizuri, ndege ilishatua zamani. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya kuruka. Wewe fika saa tatu kabla.

Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 hivi, na barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 imesaidia sana, ila foleni ya kuifikia haijafutwa. Anayetoka Arua, kaskazini magharibi mwa nchi, alale Kampala usiku mmoja, hilo silijadili. Mwaka 2024 Daraja la Karuma, lililo kwenye barabara ya Arua hadi Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi ya huko yalilazimika kuzunguka.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ina saa yake: kadi huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa, kisha hudumu maisha. Ukichanjwa wiki ya safari, umechelewa. Viza ishughulikie mapema, kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa.

Ndani ya ndege, simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, miguu isivimbe. Pawabenki iwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi unaloliacha kaunta.

Kurudi huchukua muda zaidi, kwa sababu upepo wa juu huvuma kuelekea mashariki nanyi mnaukabili. Mwenye mzigo wa kupokelewa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla Kampala, asiahidi wateja asubuhi ileile anayotua.