Siku 30 na Waraka wa Yakobo, kwa mtu mwepesi wa hasira

Waraka wa Yakobo una sura 5 na mistari 108. Ukiusoma kwa sauti, bila kukimbia, unaumaliza kwa robo saa hadi dakika 20. Ufupi huo ndio unaomfaa mtu anayetaka Neno limguse mahali pamoja, yaani kwenye ulimi na hasira. Mipango ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka ni mizuri, ila wengi huiacha kwenye Mambo ya Walawi, na waliobaki husoma mengi kuliko wanayotenda.

Unahitaji Biblia ya Union Version, tafsiri ya pili ya kulinganishia kama Habari Njema, penseli, na daftari la kurasa 48. Tenga dakika 25 kila siku, saa ile ile. Alfajiri ni bora kuliko kabla ya kulala, maana hasira za leo unazisoma ukiwa bado hujakutana nazo. Biblia ya simu inafaa, lakini zima data kwanza.

Siku ya 1 hadi ya 5. Soma waraka wote, kila siku, kikao kimoja, kwa sauti. Usitafute fafanuzi. Kazi yako ni kutia alama ya penseli kila panapoguswa ulimi, kinywa au kusema. Kufikia siku ya tatu utakuwa umeona kwamba habari hiyo haiko sura ya 3 peke yake: iko 1:19, 1:26, 4:11, 5:9 kwenye kunung'unikiana, na 5:12 kwenye kuapa. Anayekimbilia mstari mmoja anaoupenda huikosa picha hii.

Siku ya 6 hadi ya 12. Kaa kwenye 1:19-27. Siku ya kwanza nakili mistari hiyo tisa kwa mkono, maana mkono hauruki maneno kama jicho. Kisha kariri 1:19-20 kwa vipande: "kila mtu na awe mwepesi wa kusikia", halafu "bali si mwepesi wa kusema", halafu "wala kukasirika", na mwisho sababu yake, "kwa maana hasira ya mwanadamu haitendi haki ya Mungu". Usiongeze kipande kabla cha kwanza hakijatoka bila kufungua kitabu. Kifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku: kupiga mswaki, kungoja gari kituoni, kuwasha jiko.

Halafu njoo kwenye kioo cha mstari wa 23 hadi wa 25. Yakobo analinganisha watu wawili. Mmoja hujiangalia, huenda zake, mara akasahau jinsi alivyo. Wa pili "aliyeitazama sheria kamilifu". Neno la Kigiriki lililo nyuma ya "aliyeitazama" ni lile lile la Yohana 20:5, pale mwanafunzi anapoinama na kuchungulia kaburini. Kwa hiyo si kutupa jicho. Ni kuinama, shingo ikauma kidogo. Ndiyo sababu wiki nzima inakwenda kwa mistari tisa.

Wiki hii pia ndipo daftari linapoanza. Chora safu tano: saa, nani, kilichotokea, nilichosema, nilichokuwa nakitaka. Mfano: "Saa 1 jioni, mtoto, kamwaga uji, nilimwita mjinga, nilitaka kupumzika." Safu ya tano ndiyo ngumu, nayo ndiyo yenye faida. Imetoka 4:1, ambapo Yakobo anasema vita hutoka katika tamaa zetu. Ukiandika siku kumi utaona "nilichokuwa nakitaka" kinajirudia: heshima, utulivu, pesa, kusikilizwa. Hapo unaomba kwa jina la kitu, badala ya kuomba tu "nisaidie na hasira".

Siku ya 13 hadi ya 19. Soma 3:1-12. Lijamu, usukani, moto: vitu vidogo vyenye matokeo makubwa. Angalia mstari wa 8: "Bali ulimi hakuna awezaye kuufuga". Wengi hukata tamaa hapa, na wengine huupita haraka. Usiupite. Unafunga mlango wa kutegemea nguvu zako mwenyewe na kukurudisha 1:5, kwenye kuomba hekima, na 4:6, kwenye neema kwa wanyenyekevu.

Sasa ongeza tendo moja. Waefeso 4:28 inaonyesha namna: mwizi haambiwi asiibe tena kisha akaishia hapo, anaambiwa afanye kazi, apate cha kumgawia mhitaji. Vivyo hivyo, usiandike "sitafoka". Andika "mtoto akikosea, nitauliza swali moja kabla ya kutoa neno". Tendo moja kwa wiki, linaloweza kuhesabika jioni. Nadhiri kubwa kama "sitakasirika tena maishani" huvunjika kabla ya chai ya saa nne.

Siku ya 20 hadi ya 25 ni 4:1-12, ukiisoma sambamba na safu ya tano. Hapa hakuna la kuongeza.

Siku ya 26 hadi ya 30 ni 5:7-16. Mstari wa 16 unataka kuungamiana na kuombeana, kwa hiyo tafuta mtu mmoja, awe mzee wa kanisa au ndugu wa jumuiya anayetunza siri, umwonyeshe daftari. Kisha mwendee uliyemwumiza. Taja ulichosema, omba msamaha, nyamaza. Neno "lakini" likiingia, huo si toba tena, ni utetezi.

Kinachoharibu zaidi ni kumsomea mwingine. Ukijikuta unawaza "aya hii ingemfaa mama mkwe", rudi kwenye nakala yako ya mkono, uweke jina lako mahali pa "kila mtu". La pili ni kuhesabu siku zilizorukwa. Ukiruka siku mbili, usisome mara tatu kufidia. Endelea na sehemu ya leo.

Na kama hasira imefikia kupiga au kutishia, daftari halitoshi. Zungumza na mchungaji au padri na mshauri nasaha, na anayepigwa aondoke mahali pa hatari, aende polisi; Tanzania kuna madawati ya jinsia na watoto vituoni. Saburi ya 5:11 si amri ya kuvumilia kipigo.

Siku ya 30 jioni, linganisha ukurasa wa kwanza wa daftari na wa mwisho. Tazama safu ya nne kwanza: hasira huenda bado inakuja mara zile zile, ila maneno yamepungua. Ukitaka kurudia, anzia siku ya 6.