Kutoboa malakiti iwe kidani

Mteja wa Lubumbashi akiagiza pandantifu, muulize kwanza anataka nini. Mmoja humaanisha jiwe peke yake, mwingine jiwe pamoja na mkufu wake, na neno kidani hutumika kwa yote mawili. Hapa tunashughulikia jiwe la shingoni.

Chagua kipande cha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, cha milimita 30 kwa 20, unene 6. Malakiti halisi ya ukubwa huo ni nzito na baridi kiganjani. Plastiki ni nyepesi. Lichovye jiwe majini, ulipanguse: ufa hubaki na mstari wa unyevu wakati kwingine kumeshakauka. Ukiuona karibu na sehemu ya juu, tafuta jiwe lingine.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutoboa jiwe likiwa bado nene. Punguza kwanza sehemu ya juu hadi milimita 3, la sivyo pete ya waya ya kuning'inizia jiwe haitapita. Weka alama milimita 4 kutoka ukingoni. Tumia ncha ya almasi ya milimita 2 na drili ya betri, jiwe likiwa juu ya ubao ndani ya beseni la maji. Usikandamize, inua ncha kila baada ya sekunde chache ili tope litoke. Ukifika katikati, geuza jiwe utoboe upande wa pili. Ukipitiliza kwa upande mmoja, mgongo wa jiwe utabanduka.

Vaa barakoa na usitoboe wala kusugua pakavu hata kidogo: vumbi hili lina shaba na linadhuru mapafu.

Sugua kwa msasa wa maji namba 220, 400, 600, kisha 1200. Ukiruka namba, mikwaruzo itajitokeza jiwe likianza kung'aa. Malizia kwa ngozi.

Pete ikunje kwa waya wa shaba (mukuba) wa milimita 1 kwenye msumari wa milimita 8. Ifungue kwa koleo mbili kwa kusukuma ncha pembeni, usiivute kuipanua. Usiichomee ikiwa kwenye jiwe. Joto huifanya malakiti iwe nyeusi.

Mwambie mteja asikisafishe kwa ndimu wala siki, kwani asidi hula mng'ao. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha.