Somo: Mtoto anasomea kwa simu nyumbani, mzazi ufanye nini?

Wengi tulidhani masomo ya simu ya wakati wa Korona yaliisha Januari 4, 2021, wanafunzi wote waliporudi madarasani. Kisha mafuriko ya 2024 yakasogeza ufunguzi wa muhula wa pili hapa Kenya kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, na walimu tukarudi kwenye makundi ya WhatsApp. Nafundisha darasa la sita. Naandika hasa kwa nyumba yenye simu moja, na nitangulize jambo hili: mzazi, kazi yako si kufundisha. Wewe shika saa, simu na utulivu; hesabu za sehemu niachie mimi.

Hatua ya 1: Gawa simu kwa maandishi. Simu hiyo ndiyo ya biashara, ndiyo ya M-Pesa, ndiyo ya shangazi apigaye kila saa nne asubuhi. Andika nani anaishika saa ngapi, bandika karatasi ukutani. Mtahiniwa atangulie, hata serikali Oktoba 2020 iliwarudisha kwanza gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4. Kisha mwambie mwalimu saa zenu. Akijua simu hurudi nyumbani jioni, atakutumia somo kwa sauti ya kurekodi.

Hatua ya 2: Tayarisha simu. Ichajiwe usiku. Zuia WhatsApp isipakue picha na video zenyewe, maana bando huishia kwenye video za harusi. Simu nyingi za Android zina uwezo, kwenye mipangilio ya usalama, wa kufungia skrini kwenye programu moja hadi uweke namba ya siri. Utumie. Namba hiyo na ile ya M-Pesa mtoto asizijue.

Hatua ya 3: Adabu za darasa. Aingie kwa jina lake la shule, si jina la simu wala la baba. Maiki izimwe mpaka aitwe. Kamera imwone mtoto na ukuta nyuma yake, kwa sababu tumeshaona watu wakipita na taulo. Sare si lazima, ila uso unawiwe na kitandani asikae.

Kiungo cha darasa asimpe mtu wa nje, hata binamu. Na asimpige picha mwalimu wala mwenzake kwenye skrini. Watoto huona ni mzaha kugeuza uso wa mwenzao kuwa stika, lakini aliyegeuzwa huacha kuwasha kamera na baadaye huacha kuja kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Hatua ya 4: Usimjibie. Hapa ndipo wazazi wanaponisumbua kuliko watoto. Namuuliza mtoto, namsikia mama akinong'ona, kisha mtoto anarudia kama kasuku. Tunamsomesha nani? Kaa mahali unapoiona skrini lakini yeye haoni uso wako. Kazi aiandike kwa mkono wake, na makosa yake uyatume vilevile. Hayo ndiyo yananionyesha pa kurudia. Daftari lisilo na kosa mwezi mzima hunitia wasiwasi.

Hatua ya 5: Akikosea. Muulize kwanza. Aliyetoroka darasa mara nyingi bando lilimwishia au hakuelewa akaona aibu. Nipigie mimi, usimwanike kwenye kundi. Na usimnyang'anye simu saa za somo. Mnyime michezo ya jioni.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Kilifi:* Mwalimu, nina kabambe tu, simu ya vitufe. Mwanangu ndiyo basi?

Hapana. 2020 watoto walisoma kwa SMS kupitia Shupavu 291, na vipindi vya KICD, taasisi ya mitaala, vikasikika redioni KBC. Wewe mpigie mwalimu mara moja kwa wiki, akutajie kurasa za kitabu. Afanye kwenye daftari, ulipeleke shule zikifunguliwa.

*Dada mkubwa, Nakuru:* Nalea wadogo zangu mama akiwa kazini. Wa kiume ananiambia mimi si mama yake.

Pole, mdogo wangu. Mama akukabidhi simu mbele ya huyo mdogo wako, aseme kwa kinywa chake kwamba hadi arudi neno lako ni lake. Mkibishana, mwonyeshe karatasi ya ukutani, usipandishe sauti.

*Baba, Dubai:* Niko mbali, nisaidie vipi zaidi ya pesa?

Bando linunue wewe moja kwa moja ili lisigeuke unga. WhatsApp huko imefungiwa kupiga, lakini sauti za kurekodi hupita: kila jioni mtoto akueleze alichosoma, nawe umuulize swali moja. Ukimkosa siku mbili, muulize mama yake kabla ya kumgombeza.

*Bibi, Mumias:* Kuna namba inamwandikia mjukuu wangu usiku, inadai ni ya mwalimu.

Bibi, shikamoo. Usifute kitu. Jumbe zipigwe picha, namba izuiwe, na kesho asubuhi mwalimu mkuu azione. Mwalimu hana shughuli na mtoto faraghani usiku. Piga pia 116, laini ya watoto, ni bure. Simu ilale chumbani kwako, na mjukuu ajue hujamkasirikia.