Kuihamishia kerneli kwenye RISC-V, hasa pale kwenye jedwali la kurasa

Nachukulia kerneli yako (kiini cha mfumo endeshi) inafanya kazi kwenye x86-64, vichakataji vya Intel na AMD, na unaijua vizuri. Tunaenda RISC-V ya biti 64, familia nyingine ya vichakataji, ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta), mashine ya `virt`. Bodi halisi iache kabatini kwanza.

1. Kompaila. GCC ya riscv64, pamoja na `-mcmodel=medany`. Kerneli itakaa 0x80200000, na modeli ya kawaida ya anwani, medlow, haifiki huko, linka itagoma.

2. Herufi ya kwanza. OpenSBI (programu inayoanza kabla ya kerneli) ikiikabidhi kerneli mashine, rejista a0 ina namba ya harti (kiini cha kichakataji) na a1 ina anwani ya devaisi trii (orodha ya vifaa vya mashine). Zihifadhi, panga steki, kisha andika herufi moja kwenye UART (mlango wa kutolea maandishi), 0x10000000. Ikitokea, songa mbele.

3. Jedwali la kurasa. Ndilo linalogeuza anwani pepe kuwa anwani halisi. Hapa ndipo karibu kila ninayemsaidia hukwama, na kinachomponza ni mazoea ya x86.

Sv39, mfumo wa kurasa wa RISC-V tutakaoutumia, ina ngazi tatu, maingizo 512 kwa kila jedwali. Namba ya ukurasa ndani ya ingizo huanzia biti ya 10, si ya 12, kwa hiyo usibandike anwani ilivyo: isogeze kulia mara 12, kisha kushoto mara 10. Na ukiweka biti za ruhusa R (kusoma) au X (kutekeleza), iwe na W (kuandika) au bila, kwenye ingizo la ngazi ya juu kama ulivyozoea, kichakataji kitalihesabu kuwa ukurasa mkubwa, hakitashuka ngazi ya chini. Ingizo la kuelekeza tu kwenye jedwali la chini hubaki na V (ingizo ni halali) peke yake.

Ukishaandika satp (rejista inayowasha jedwali), amri inayofuata husomwa kupitia jedwali jipya, huku PC (rejista ya anwani ya amri) ikiwa bado na anwani halisi. Linux hutega stvec (rejista ya mahali pa kurukia kosa likitokea) ili kosa lenyewe liirushe kerneli kwenye anwani ya juu. Ni ujanja mzuri, ila siupendi kwa anayeanza. Ramani ya moja kwa moja (anwani pepe ni sawa na halisi) inatosha: ingizo namba 2 la mzizi, yaani jedwali la ngazi ya juu kabisa, liwe 0x200000CF, nalo litafunika GiB nzima kuanzia 0x80000000. Ingizo namba 0 liwe 0xC7 kwa ajili ya UART, la sivyo printi ya kwanza itaiua kerneli na utailaumu satp bure.

Kwenye satp weka modi 8 katika biti nne za juu, na anwani ya mzizi gawa kwa 4096. Kisha `sfence.vma`, amri ya kufuta tafsiri za anwani za zamani.

Hiyo CF inabeba biti za A (ukurasa umeguswa) na D (umeandikwa) tayari. Usiziondoe! QEMU ya kawaida huziweka yenyewe, lakini kuna chipu zinazotupa kosa la ukurasa zikikuta sifuri, na hapo kerneli iliyokuwa ikienda vizuri inakufa kwenye bodi bila neno.

Ikinyamaza, washa `-d int` ya QEMU usome scause (rejista ya sababu ya kosa): 12 ni kosa la ukurasa wakati wa kusoma amri, 13 kusoma data, 15 kuandika. Rejista stval itakupa anwani iliyokosea. Usianze kubahatisha kwa printi.

4. Saa na vifaa. Saa iombe kwa SBI, yaani kwa kuiita OpenSBI. Vifaa hupitia PLIC, kifaa cha kupokea na kugawa maombi yao.

5. Programu za mtumiaji. Kerneli haigusi data iliyo kwenye kurasa za U (za mtumiaji) mpaka uwashe biti ya SUM kwenye rejista sstatus. Iwashe wakati wa kunakili tu, uizime papo hapo.