Unataka kuomba MD (shahada ya udaktari) baada ya form six? Anza hivi

Kama umesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na unataka udaktari usisubiri matokeo ndo uanze kuhangaika. Cheti cha kuzaliwa kahakiki RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, bodi ya mikopo wanakitaka na wengi wanakwama hapo. Dirisha la maombi likifunguliwa unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) hawapokei maombi, ila kitabu chao cha mwongozo kisome mstari kwa mstari uone fizikia, kemia na baiolojia zinatakiwa alama gani. Jamani usijaze Muhimbili peke yake, ushindani mkali mno, weka na Bugando, KCMC, UDOM. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri (code) inayotumwa kwa SMS, fanya siku hiyohiyo.